Viatu Mlangoni

Zuhura mjukuu wangu,

Marahaba. Shikamoo yako nimesomewa na mjomba wako. Mama yako hajambo. Muhogo wa shamba letu la Likawage umeliwa na nguruwe, tuyaache hayo.

Unasema huko Japani unatembea peke yako na ramani, kijiji hadi kijiji, na kila hekalu la kale unavua viatu mlangoni. Ukauliza mbona sikukupeleka hata mara moja kwenye magofu ya kisiwani, na tunayaona kutoka hapa nyumbani.

Nilikuwa kigori. Kila Ramadhani ikikaribia, mama yangu alinivusha kwa mtumbwi tukafagie msikiti wa kale na kufukiza ubani kwenye makaburi ya wazee wetu. Paa lilishaanguka zamani, ila viatu tulivua nje. Mwaka ule tukakuta wageni ndani na mabuti yao, mmoja amekalia kaburi anamenya chungwa. Mama akamwambia aliyewaleta, mtu wa hapahapa Kilwa, "Mwanangu, waambie wavue."

Akacheka. "Vaa tu viatu vyako, mama, miiba itakuchoma. Huu si msikiti tena, ni magofu."

Mama akavaa. Hakufagia. Hakurudi tena kule mpaka tunamzika, nami sijarudi.

Nimefurahi kwamba unaheshimu nyumba za ibada za watu. Ukija nitakupeleka, miguu ikinikubalia. Ila usivue viatu, mjukuu wangu. Watakucheka, na watakaokucheka ni ndugu zako.

Bibi yako,
Kilwa Masoko