Mshahara wa Bwana Kesho

Ijumaa, 28 Februari

Mwisho wa mwezi. Mshahara — hakuna. Bosi kapita kwenye pasi zetu akinukia marashi, akasema hoteli bado hawajamlipa hela ya kuwafulia mashuka, tuvumilie mpaka kesho. Kesho! Ndiyo maana tunamwita Bwana Kesho, jina lake halisi tumeshalisahau. Eti subira yavuta heri. Mama Pacha, mwenzangu wa meza ya pili, akaninong'oneza: "Yetu inavuta kamba tu." Nimecheka mpaka nikaunguza foronya. Ataikata kwenye mshahara — huohuo ambao hajatoa.

Mama kaniuliza nimerudi na nini. Nimerudi na miguu, nikamwambia. Akacheka, kikohozi kikamshika.

Jumanne, 11 Machi

Bado. Leo mpakiaji hakuja, nikatumwa pamoja na dereva kupeleka mzigo hotelini. Mlango wa nyuma, kule kwenye mapipa ya taka. Mama mmoja, msimamizi wa vyumba, alipomaliza kusaini nikajikaza: samahani dada, hivi nyie mnatulipa lini? Akanikodolea macho. Kumbe wanalipa kila wiki! Anasema bosi wetu hashushi hata taulo kabla hajaona hela.

Kila wiki.

Njia nzima dereva alikuwa anapiga mluzi. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akasema yeye anajua usukani tu. Hapana. Mtu asiyejua kitu hapigi mluzi vile.

Jumatano, 12 Machi

Nimewaambia wenzangu, kule nyuma kwenye kamba, katikati ya mashuka mabichi ambako dirisha la ofisi halituoni. Walivyochemka! Mama Pacha ndiye aliyetoa shauri: Ijumaa ya wiki ijayo, siku ya mzigo mkubwa, hakuna kuwasha mashine mpaka tulipwe. Wote kwa pamoja, asibaki mtu. Tukaapa.

Ila — Mama Pacha ana viatu vipya. Vya ngozi. Nimeviona alipoinama kuokota kibanio. Eti kaka yake kamletea. Kaka gani? Miaka yote hii tunapiga pasi bega kwa bega, huyo kaka sijawahi kumsikia.

Jumapili, 16 Machi

Jana nimemwona Mama Pacha anatoka ofisini kwa bosi, anajifuta uso na kanga. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kaenda kuomba ruhusa, pacha mmoja ana homa. Pengine. Lakini kufuta machozi na kufuta kicheko ni mkono uleule.

Nimewauliza wawili wa mashine tu: vile viatu mnavionaje? Sikusema neno baya. Nimeuliza. Kikulacho ki nguoni mwako — na sisi kazi yetu ni nguo!

Jumatatu, 17 Machi

Mwenye nyumba kaja asubuhi, hata kiti hakutaka. Asipoona kodi kufikia Ijumaa anang'oa mlango. Huyu hatishi tu. Wa jirani aliung'oa kweli, wakalala na pazia na watoto. Mama alijifanya hasikii. Kasikia. Na kifua chake kile, na baridi ya usiku!

Kazini mchana Mama Pacha kala peke yake. Hakuna aliyemsogelea. Mimi pia sikumsogelea.

Alhamisi, 20 Machi

Bosi kaniita. Mimi!

Kafunga mlango wa ofisi kwa mkono wake mwenyewe. "Binti yangu," kasema. Tangu lini? "Nasikia kesho mna mpango." Nikauliza mpango gani. Akacheka, akafungua droo, akanisukumia bahasha. Mshahara wote! Pamoja na nusu ya Januari aliyokuwa ameikalia. Akasema anajua nauguza mama, wengine watapata taratibu, nisimwambie mtu.

Nikangoja aniambie nifanye nini. Niwashe mashine? Nimletee maneno ya wenzangu? Hakutaka kitu. Hicho ndicho kinachonitisha.

Na nani kamwambia habari za mama? Pale kazini nimemwambia mtu mmoja tu. Mama Pacha! Kwa hiyo ni yeye. Ndiye anayempelekea maneno, na mpango wetu kaupeleka yeye. Basi kama leo mimi nimepewa bahasha, yeye kapewa ngapi?

Nilitaka kuirudisha. Mkono uliinuka kweli — ukaishia kifuani. Ni jasho langu, sikuiba! Nimetokea mlango wa nyuma.

Kodi nimeshalipa. Mwenye nyumba kaniita mpangaji wa mfano. Mama kaomba dua ndefu, akambariki hadi Bwana Kesho.

Ijumaa, 21 Machi

Mashine hazikuwaka. Nilisimama katikati nimekunja mikono kama wenzangu, nadhani niliikaza kuliko wote. Simu ya hoteli inalia ofisini, inakatika, inalia tena. Bosi akatoka polepole, kikombe cha chai mkononi. Akasema: "Mnasema silipi? Kuna mwenzenu hapo nimemlipa jana, mshahara wote. Ulizaneni." Akarudi ndani. Kunitazama? Hata kidogo!

Macho yote yakageuka — si kwangu. Kwa Mama Pacha. Mmoja akasema msaliti mkubwa wewe, viatu vyako vinasema. Mwingine akamvuta kilemba kikaanguka kwenye maji ya blichi. Analia, anaapa kwa wanawe. Mdomo wangu ulifunguka. Wallahi ulifunguka! Kikatoka nini? "Jamani, tufanyeni kazi." Basi wakatawanyika, mmoja mmoja. Mashine zikawaka. Mpaka adhuhuri mvuke umejaa kama siku nyingine yoyote.

Na sasa hivi yuko hapa kwangu. Kaja moja kwa moja kutoka kazini, kichwa wazi, kakaa na mama sebuleni. Kanishika mikono yote miwili: "Dada, wewe peke yako hukunitukana." Anasema ile Jumamosi hakwenda kuomba ruhusa. Alikwenda kumwomba bosi anilipe angalau mimi, kwa sababu ya kifua cha mama. Bosi akamfukuza. Hakuniambia, eti nisione haya. Anataka tukae tufikiri pamoja huyo aliyelipwa ni nani.

Nimesema nakwenda kubadili nguo. Niko chumbani, naandika.

Ni kweli? Au ananitega? Kama alimwomba bosi anilipe mimi, anashindwaje kujua? Mbona kaja kwangu kwanza?

Namsikia mama anambembeleza. Usilie mwanangu, Mungu hamtupi mja wake. Tazama sisi, tulikuwa tunang'olewa mlango leo hii, na bosi wenu huyohuyo mnayemsema —

Mama! Nyamaza!

Kilio kimekatika. Mama Pacha anauliza, taratibu kabisa: "Bosi wetu kafanya nini, mama?"