Alama Uliyoikata kwenye Redio ya Baba

Nyumba Na. 3, Mill Lane,
Harcombe Cross,
Devon, Uingereza.
28 Desemba 1978

Mpendwa mdogo wangu Denzil,

Habari za Saskatchewan, na hiyo baridi yenu isiyo na huruma? Marlene hajambo? Na mapacha, bado wanapigana mieleka sebuleni? Sisi huku tunapumua. Goti langu linanisumbua kama kawaida yake, mume wangu Gordon kikohozi kimemwachia, na Krismasi tulikula bata bukini mkavu kwa sababu mpishi nilikuwa mimi. Kadi yenu ilifika Jumamosi, nikamsomea Baba mara mbili. Asanteni sana.

Baba ni mzima wa mwili. Nalitanguliza hilo usije ukashtuka, maana yanayofuata si mazuri, na ninakuandikia bila yeye kujua.

Unaikumbuka ile redio uliyomnunulia? Siku ya mwisho kabla hujasafiri, macho yake yakiwa yamekwisha kuzimika, ulichukua tupa ukakata alama kwenye kidude cha kutafutia stesheni, na nyingine kwenye kasha. Zikikutana chini ya dole gumba lake, amewapata watu wake: habari, hali ya hewa, na ile milio sita ya kutangaza saa. Miaka kumi na moja kidude hicho hakijasogezwa. Kazi yake ilikuwa kuwasha na kuzima tu.

Na unamjua Baba na saa. Miaka thelathini aliyokaa kwenye kibanda cha ishara za treni haijamtoka. Huamka na milio ya saa moja. Yai linaingia majini kwa milio ya saa mbili, vidonge vya moyo ni saa tatu, na kadhalika mpaka usiku. Ndivyo kipofu wa miaka sabini na tisa alivyoweza kuishi peke yake bila kumsumbua mtu.

Sasa mwaka huu redio wameipindua juu chini. Mwezi wa Aprili walianza kutangaza Bunge moja kwa moja, na Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Wale si wabunge, Beryl. Wale ni kondoo siku ya mnada." Hilo alilipenda. Lakini tarehe 23 Novemba stesheni karibu zote zilihamishwa kwa siku moja. Ya Baba ikapelekwa kwenye masafa marefu, na huku kwetu mahali pake wakawekwa vijana na ngoma zao. Tulitangaziwa mapema. Jarida la redio lilileta hata vibandiko vya kubandika kwenye kioo cha redio, mtu aone pa kugeuzia.

Baba alinikumbusha wiki nzima, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi. Jumapili ya kabla yake nilipitia kwake, koti mwilini, Gordon ananipigia honi nje. Nikabandika kibandiko pale pale kwenye kioo, nikasema, "Tayari, Baba," nikatoka mbio.

Kibandiko, Denzil. Kwa kipofu. Hata leo sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Wiki zilizofuata nilimkuta akila uji adhuhuri. Vidonge vilikuwa vinazidi kwenye chupa. Jumatano moja aliniuliza mbona sijaenda kanisani. Nikamleta Daktari Pethick, akamwuliza leo siku gani, Baba akasema Ijumaa, na ilikuwa Jumanne. Daktari akaandika kwamba akili inadhoofika. Nawe tangu Oktoba ulikuwa unaniandikia nimtafutie nafasi katika nyumba ya wazee kabla hajaanguka ngazini. Basi nikajaza fomu ya halmashauri, nikatia sahihi, nikapeleka.

Tarehe 17 mwezi huu nilimpelekea keki nikaingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu wa mbele ulikuwa umeganda kwa barafu. Nikasikia magitaa na makelele jikoni. Baba alikuwa ameketi wima, kidole gumba juu ya alama yako, anangoja.

"Baba, tangu lini unasikiliza mambo haya?"

"Tangu ulipoitengeneza."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Alama ya Denzil haikosei. Wewe ulisema tayari. Aliyebaki kuharibika ni nani kama si mimi?"

Kumbe wiki zote hizo, akisikia kitasa cha mlango wa mbele kinazunguka, alikuwa anaizima redio. Aliogopa kwamba nikijua hawapati tena watu wake, nitamhamisha kutoka nyumbani kwake. Nililia pale pale, keki mkononi. Kisha nikabonyeza kitufe cha masafa marefu, nikazungusha taratibu mpaka sauti anazozijua zikaingia. Nilitaka kusema neno, akaninyamazisha kwa mkono. Milio sita ilipolia, nilimwona akiihesabu kwa midomo.

Ilipokwisha akauliza, "Fomu umeshaipeleka?" Sikujua kama anajua. Nikamjibu nimepeleka.

"Umemleta daktari, umepeleka na fomu. Kuniuliza kama nasikia milio ya saa, hukuniuliza."

Nilimwomba msamaha. Akasema yamekwisha, nikate keki. Lakini hayajakwisha, mdogo wangu.

Gordon amemkatia alama mpya, na ile yako Baba amekataa isiguswe. Fomu nimeomba nirudishiwe, ila ofisini wanasema maneno ya daktari ndiyo wanayoyafuata. Daktari atarudi kumpima Jumanne tarehe 9 Januari, na asipomridhisha atahamishwa mwezi huohuo. Basi sasa kila milio ikilia Baba hutaja siku na tarehe kwa sauti, hata kama ana mkate mdomoni. Zamani alizijua bila kujaribu. Hofu ndiyo inayomkosesha. Juzi alizichanganya, akanigeuzia kisogo nisiuone uso wake.

Nina ombi. Mwandikie daktari kwamba umebadili mawazo, kama umebadili. Na Baba mtumie kaseti, aisikie sauti yako mwenyewe. Mwambie ni redio iliyohama, si yeye. Usilitie hilo kwenye barua, maana msomaji wa barua zako ni mimi. Jana aliniuliza saa, nikamwambia ni saa kumi kasorobo. Aliweka mkono juu ya redio, akangoja milio.

Nisalimie sana Marlene, na mapacha uwabusu mmoja mmoja wasigombane. Gordon anakusalimu, na Shangazi Edith anauliza kama bado una ndevu. Mungu awafunike huko kwenye theluji, na auingize mwaka mpya nyumbani kwenu kwa amani.

Dada yako akupendaye daima,
Beryl