Volti za Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Wifi ameanza kazi leo karakanani kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone — wanasema. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kuugua.

Ni dada mdogo wa mume wangu, katoka kiwanda kikubwa alikofundishwa kuchomelea. Haya, karibu. Lakini kuna lile tangi kubwa la maji tulilopewa kuunda! Ijumaa mkaguzi wa mteja anakuja kumtazama fundi mmoja akichomelea, na akimkubali, huyo ndiye ataongoza kazi yote. Tangu mwanzo kila mtu alijua ni mimi. Leo mume wangu kasema eti tutaona. Tutaona nini?

Jumanne, 5 Machi

Kaniuliza mashine yangu ya kuchomelea kwa waya inasoma volti ngapi. Nikachungulia mita, nikamjibu thelathini. Akasema kwa upole — huo upole ndio unaoniudhi — kwamba hiyo ni kabla ya kubonyeza tochi, ule mkono wa kuchomelea unaotoa waya, mashine haijabeba mzigo. Moto ukiwaka volti hushuka, na hizo zilizoshuka ndizo za kutazama.

Mimi nilidhani mashine inachoka! Miaka yote nachomelea kwa sikio: mlio ukitulia, mshono umekubali. Mume wangu alijua, hakuwahi kunieleza. Mezani jioni ni volti, volti, kaka na dada wanachora kwa kidole, mimi kama mpangaji. Damu nzito kuliko maji. Nimeosha vyombo kwa kelele.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi wifi alichomelea ndani ya tangi. Mshono umelala vizuri mpaka roho ikaniuma. Mashine yake iko nje, nikapita kando yake kama naenda kunywa maji, nikaiba namba: ishirini na sita. Nikapandisha yangu mpaka nayo, moto ukiwaka, ikasoma hivyo hivyo. Nani atajua?

Balaa! Cheche kila upande, mshono bapa, kingo za bamba zimeliwa, halafu tundu. Na mume wangu kasimama pale pale. Akauliza nani kaniambia niweke ishirini na sita. Sikuwa na pa kuuficha uso.

"Ni mimi, kaka," wifi akasema. "Nilisahau kumwambia kebo yangu ni ndefu."

Mwongo! Hakuniambia kitu. Akanipa tochi yake nichomelee ndani ya tangi, yeye akapima kwa mita ya mkononi. Kwenye mashine, ishirini na sita. Kwenye tochi, ishirini na mbili. Nne zimepotea njiani, kwenye kebo. Mita ya mashine huonyesha zinazotoka, si zinazofika. Kebo yangu ni fupi, zikafika karibu zote, bamba likatoboka.

Angenicheka, ningemchukia kwa raha zangu. Hata hilo kaninyima.

Alhamisi, 7 Machi

Mume wangu kamchagua yeye. Kaniambia huku anafunga kamba za viatu, asinitazame. Nimemwambia sawa, nikajikaza kisabuni.

Si sawa.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika stoo, haraka. Mkaguzi anamalizia chai yake.

Wifi keshaingia tangini. Humo haoni mita, na leo umeme unapanda na kushuka, kwa hiyo lazima mtu asimame kwenye mashine amsomee kwa sauti, na akiambiwa apunguze, apunguze. Mume wangu akasema atasoma yeye. Sauti ikatoka ndani ya tangi:

"Hapana, kaka. Anisomee wifi."

Wote wakanigeukia! Nikasema nafuata glavu. Glavu ninazo mapajani hapa.

Kwa nini mimi? Ananijaribu? Au ananiamini kweli — hilo ndilo baya zaidi. Atachomelea kwa namba nitakayoitaja. Mshale ukiwa thelathini na moja, mimi nikatamka ishirini na sita, ataendelea tu, na bamba lake litatoboka mbele ya mkaguzi kama langu lilivyotoboka. Watasema ni umeme. Kazi itarudi kwangu. Hakuna atakayejua, labda yeye, na yeye hatasema. Nimeshamjua.

Mkaguzi kaweka kikombe chini. Mume wangu ananiita mara ya pili. Na yule kule tangini naye anaita, "Wifi, upo?"

Nimeitika nipo. Sijainuka.