Vipande vya Kijivu

Jumatatu, 3 Juni
Mdogo wangu kapewa tangi! Mimi niliyemleta hapa karakana, nikamfundisha hata kuvaa glavu — mimi nabaki kwenye beseni. Bosi anasema binti ana mkono mtulivu: anajua kupandisha moto taratibu mpaka plastiki igeuke mvuke, mvuke upoe, utoke mafuta. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.
Nina wivu. Haya, nimeandika.

Jumanne, 4 Juni
Kazi yangu: plastiki iliyokatwakatwa namwaga majini. Inayoelea inakwenda tangini. Inayozama natupa, hasa vipande vya mabomba ya maji. Hivyo vikipata moto vinatoa asidi — mafuta yanaharibika, na moshi wake ukikuingia kifuani utajuta. Nani kawahi kulipigia makofi beseni?
Mchana mdogo wangu kaja na chai. Eti dada, mbona umeninunia? Nikasema jino. Akakimbia kuninunulia dawa! Hata kumchukia kwa raha haniachii.

Alhamisi, 6 Juni
Kesho wanakuja watu wa kiwanda cha rangi. Wakiyapenda mafuta, watayanunua yote, na yeye atakuwa msimamizi. Mama kapiga simu, kamsifia mpaka salio likaisha.
Nilikuwa na hasira. Magunia mawili ya mwisho sikuyatia majini. Nimechambua kwa macho tu. Macho yangu nayaamini.

Ijumaa, 7 Juni
Nakung'uta magunia matupu — vipande vitatu vya kijivu. Bomba la maji! Vingine viko tangini, bila shaka.
Nikaenda kusema. Naapa nilikuwa naenda. Nikamkuta na wageni, mmoja anamuuliza kama ana uhakika na mali aliyopakia tangini. Akacheka, akanishika bega. Huyu ni dada yangu, akasema, mali ikipita kwake mimi siikagui tena. Wageni wakapiga makofi. Wananipigia mimi!
Nikatabasamu kama mjinga. Akawasha moto.
Sasa nimejifungia stoo. Vipande viko mfukoni. Barakoa yake nzuri kampa mgeni, yeye kabaki na kitambaa. Nasikia bosi anasoma geji ya joto kwa sauti. Inapanda.
Ananiita. Dada, uko wapi? Njoo usimame hapa karibu yangu, sianzi kukinga mafuta bila wewe!
Nimesema nakuja. Nimesema mara mbili. Bado naandika —