Masale Uliyopanda Njiani kwa Felista

Aarhus, Denmark
Jumanne asubuhi

Mdogo wangu Aloyce,

Marahaba. Uliniamkia kwenye simu Jumapili nami sikukuitikia. Nilikata kabla hujamaliza kuaga. Sikulelewa hivyo, kwa hiyo naitikia sasa kwa maandishi, lisije likaongezeka na hilo juu ya mengine.

Goti lako linaendeleaje? Na presha ya Mama Deo? Nasikia mvua zimechelewa Kibosho, na majani ya ng'ombe mnayafuata mbali. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Theluji imebaki vivulini tu. Ngazi za ghorofa ya tatu magoti yangu yanazipanda kwa manung'uniko, lakini yananifikisha. Tangu nistaafu kazi ya maktaba, asubuhi nasoma, mchana napika, na jioni namwagilia mimea yangu dirishani. Mmoja wa mimea hiyo nitakueleza habari zake mwishoni.

Sasa tuongee.

Ulinipigia ukitaka nimwonye Felista. Ulisema mdogo wetu amekuwa jeuri, anaingiza magari kwenye kihamba cha baba, shamba la migomba na mibuni tulilozaliwa ndani yake, kana kwamba kaachiwa yeye. Ukaniambia umeifunga njia yake kwa masale, mimea yetu ya mpaka. Ukanitumia na picha, kama mtu anayeonyesha mjukuu aliyezaliwa jana. Nimeitazama sana. Masale kumi na manne, wima, umeyamwagilia vizuri. Nyuma yake naliona banda la Felista la kukaushia ndizi, lenye bati jipya. Njia ambayo mama alitupitisha kwenda kuteka maji inaishia kwenye hayo majani.

Nilipokuuliza sababu, ulijibu kama mtu aliyejiandaa siku nyingi. "Dada, wewe mwenyewe uliandika. Barua ninayo."

Hapo ndipo nilipokata simu.

Naijua barua hiyo. Niliiandika baba alipofariki, mliponisubiri nitoe neno kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wenu. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu wakati ule niliyaonea fahari: kwamba sisi mabinti tumeshaolewa, hatudai hata mgomba mmoja, kihamba kiwe cha Aloyce. Niliona ni ukarimu. Nilikuwa na kazi na nyumba yenye joto. Nilikuwa nagawa nisichokihitaji. Na katika kugawa huko nilichukua fungu la Felista nikalitoa pamoja na langu. Yeye alikuwa kijijini Mkuu, kule Rombo, kwa mumewe, ananyonyesha binti wa pili. Sikumuuliza. Wewe hukumuuliza. Wazee wa ukoo waliona sahihi yangu, wakamaliza kikao kwa pombe ya mbege.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Miaka michache baada ya hapo, maktaba yetu iliniomba nizungumze na wasomaji kuhusu wanawake na ardhi barani Afrika. Nilijiandaa, nikasoma vitabu vingi, nikasimama nikaeleza jinsi mwanamke anavyolima ardhi asiyoruhusiwa kuiita yake. Watu walinipigia makofi. Bibi mmoja alilia. Na wakati huohuo barua yangu ilikuwa Kibosho, kwenye sanduku la baba, imekunjwa vizuri, inasubiri siku utakapoihitaji. Kwa hiyo hasira niliyo nayo leo, Aloyce, nusu ni yangu mwenyewe. Nusu inayobaki inakutosha.

Sitakudhulumu katika kusema ukweli. Felista alipofiwa, shemeji zake walipomtoa na mabinti wawili na godoro moja, wewe ndiye uliyemfuata kule Rombo. Ulimpa pembe ya chini, kando ya korongo, palipokuwa na mawe na magugu, ukamwambia ajishikize. Nilikushukuru, na hata leo nakushukuru. Lakini nadhani ulimpa mahali pale kwa sababu hukutegemea patatoka kitu.

Pakatoka. Alianza na mkeka na jua. Alikata ndizi vipande, akavikausha, akasaga unga wa uji, akaubeba mwenyewe hadi Moshi mjini. Leo ana mashine ya kusaga, ana wanawake saba anaofanya nao kazi, na kirikuu, kile kigari cha mizigo, inapanda mara mbili kwa wiki kuchukua mifuko yenye jina lake. Wajane wawili wa jirani wanasomesha watoto kutokana na banda lile. Hayo ndiyo uliyoyapandia masale.

Unakumbuka tulivyokua? Kahawa ilikuwa ya baba, ndizi zilikuwa za mama. Baba hakuuliza mkungu umeuzwa wapi, maana mwanamume kuulizia ndizi ilikuwa aibu. Yalikuwa mambo ya kike. Baba alipenda kusema kwamba kahawa ndiyo iliyonisomesha. Mimi nilikuwa nyuma ya mama kwenye mteremko, nakanyaga alipokanyaga, kila siku ya soko, na najua kilichonisomesha. Kisha kahawa ikaanguka, watu wakaing'oa. Na ndizi ilipoanza kulipa, ghafla wanaume wa mlimani wakagundua kwamba migomba nayo imo ndani ya kihamba. Ilikuwa ya kike mpaka ilipoleta gari getini.

Wala si gari lililokuumiza. Ulilisema mwenyewe Jumapili, ukicheka kicheko ambacho hakikuwa kicheko. Ulisema siku hizi kilabuni wanakutania: mgeni akiuliza nyumba yako, anaambiwa, "Aloyce? Aloyce anakaa kwa Felista."

Mdogo wangu. Miaka yote Felista ameishi kwa baba, kwa mume, kwa shemeji, kwa kaka. Wewe umeishi kwa Felista msimu mmoja tu, tena kwa utani wa walevi, na umeshindwa kuvumilia.

Baada ya kukata simu yako nilimpigia yeye. Hakutaka kusema, ilibidi nimvute neno kwa neno. Mkaguzi wa viwango anakuja baada ya Pasaka. Akiridhika, unga utapata nembo ya ubora na maduka makubwa ya mjini yataupokea. Lakini sharti moja ni kwamba banda lifikike kwa gari. Pasipo njia hakuna ukaguzi, na pasipo ukaguzi hata wale wanunuzi wa sasa wamesema hawatangoja. Wewe hayo uliyajua. Alikueleza kabla hujachimba shimo la kwanza.

Aliniambia kwamba sasa wanapitisha mikungu ukingoni mwa mfongo, ule mfereji wa maji unaozunguka kwa juu, kwa mstari, kila mmoja na mkungu wake kichwani. Wiki iliyopita Mama Proti, jirani yenu, aliteleza. Yeye aliwahi kushika mgomba, mkungu ukaporomoka wote korongoni. Wenzake walitua mikungu yao kwa hofu. Akainuka, akajipangusa matope, akasema, "Basi, huo umetutangulia Moshi." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Felista alipokuwa ananisimulia naye alicheka.

Nikamuuliza kwa nini asiyang'oe hayo majani ya njiani. Ana panga, ana wanawake saba.

"Dada, yale ni masale," akasema. "Aliyeyapanda ndiye atakayeyang'oa."

Hili ndilo linaloniamsha, Aloyce. Ungeweza kuweka kufuli getini. Kufuli lingevunjwa, mngegombana, mngesikilizwa na mwenyekiti wa kijiji, yangeisha. Ulijua kwamba hakuna mwanamke wa Kibosho atakayeng'oa isale la mpaka. Ulijua kwamba analiheshimu kuliko wewe. Babu zetu walipanda masale ili ndugu wawili wasigombanie shamba, na walibeba jani lake kwenda kuomba msamaha pale maneno yalipokuwa hayatoshi. Wewe umeuchukua mmea wa amani ukamfungia nao dada yako. Nimesoma vitabu vingi vyenye watu waovu ndani yake, na wachache tu walikuwa na akili ya namna hiyo.

Nisikilize sasa. Ulisema ukoo utakutana Jumapili baada ya misa na kwamba utasoma barua yangu. Isome. Kisha isome na hii, yote, bila kuruka mahali palipokuuma. Wazee wasikie kwa maneno yangu kwamba ile ya kwanza niliitoa bila haki. Fungu la Felista halikuwa langu kuligawa. Na lile lililo langu mimi, mtoto wa kwanza wa baba, ambalo sikuwahi kulitumia, ninampa yeye na mabinti zake: kuanzia njia hadi korongoni, na njia yenyewe pia. Liandikwe kijijini, mbele ya mashahidi, kwa jina lake. Sheria ya nchi yetu inampa mwanamke haki hiyo, lakini sitaki kukupeleka kwenye sheria. Nataka uone aibu.

Ukisema kwamba barua haiwezi kufuta barua, basi ujue hata ile ya kwanza haikuweza kumpokonya mtu asiyeulizwa.

Nisalimie Mama Deo, mke wako, na umwambie asiache dawa za presha. Deo, mwanao aliyeko Shirimatunda, mwambie shangazi yake anamkumbuka na kwamba siku akijenga nyumba, asijenge kwenye uwanja wa mwingine. Nisalimie Mama Proti. Nimeucheka mkungu wake peke yangu jikoni. Baba mdogo, ambaye najua ndiye atakayekaa kiti cha mbele Jumapili, mpe shikamoo yangu, na umkalishe mahali anaposikia vizuri.

Felista usimsalimie. Kwake nimetuma kitu.

Nilisema nitakueleza kuhusu mmea. Huku Ulaya masale yanauzwa dukani, Aloyce, kwenye vyungu, kama mapambo. Karatasi yake inasema yanafaa kwa chumba chenye mwanga hafifu. Nilinunua moja mwaka mama alipofariki, kwa kuwa sikuweza kuja kuzika, na limesimama dirishani kwangu tangu hapo. Jana nilikata jani lake, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa. Limo ndani ya bahasha hii. Nimempa mama mmoja wa Uru, karibu na kwetu, anayesafiri kesho, ili likufikie likiwa bado bichi, kabla ya Jumapili.

Ni la Felista. Ni mimi ninayemwomba msamaha kwa ile barua. Lakini mimi niko mbali, na isale haliachwi mlangoni wala halitumwi na mtoto. Linabebwa mkononi na mtu mzima wa ukoo. Mtu mzima wa ukoo aliye karibu ni wewe.

Utatoka nyumbani kwako ukiwa umelishika. Kwa kuwa njia uliifunga, itakubidi uzungukie juu, ukingoni mwa mfongo, wanakopita wao na mikungu. Shika vizuri hilo goti. Wanawake saba watakuona unakuja, kaka mtu, na isale mkononi, na watadhani ni wewe unayekwenda kuomba msamaha.

Usiwasahihishe.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda na ambaye bado nimekasirika,
Apolonia