Jino Jeusi la Bibi

Nyumba Na. 27, Kichochoro cha Tatu,
Nam Dinh.
16 Novemba 2014

Mpendwa Shangazi Nhan,

Shikamoo, shangazi yangu. Hujambo huko Brno? Goti lako limepoa, au baridi imeanza kulichokoza tena? Watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, na mimi ni mzima kuliko wote, maana leo natimiza siku ya kumi na moja nikiitwa mke wa mtu. Nikiandika mstari mmoja nachungulia mlangoni kama Quyet ametoka kazini.

Najua ulilia kwa kuikosa harusi. Hata mimi nililia. Baba ameahidi kukupigia simu akusimulie yote, lakini Baba atakueleza habari za chakula tu. Mimi nataka kukueleza habari za jino.

Mwezi wa saba Bibi alivunjika jino la mbele la juu. Aling'ata popoo nzima kwa ubishi wake, na kile kinu chake kidogo cha kutwangia kiko pembeni. Wewe ni binti yake, unajua meno yale meusi ni nini kwake. Aliyatia rangi akiwa na miaka kumi na sita, na hadi leo anawaonea huruma wanawake wote wenye meno meupe. Tangu siku ile akawa anaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa, hata wakati wa kula. Siku ya akina Quyet kuleta masinia ya tambuu ilipokaribia, akatangaza kwamba hatatoka chumbani.

Shangazi, nani apokee masinia kama si yeye, mkubwa wa nyumba? Baba alimbembeleza wiki nzima. Akajibiwa, "Niwapokee wakwe na pengo kama mlango wa banda la kuku? Waambie nimekufa." Mimi nikawa silali vizuri. Kuposwa bila Bibi kukaa pale mbele, kwangu ni kama sijaposwa.

Nikampeleka kwa daktari wa meno. Mzizi ulikuwa mzima, akasema atauvika kofia nyeupe, nzuri sana. Bibi akashuka kitini. "Jeupe moja katikati ya haya? Meno meupe ni ya mbwa. Basi nifunge na kamba shingoni, nikabweke getini."

Hapo ndipo Quyet wangu alipoingia. Unajua yeye ni fundi wa meno ya kauri. Hagusi mdomo wa mtu, anatengeneza kwenye karakana yao yale meno ambayo madaktari wanayavisha. Kwa miaka minane ametengeneza meno meupe ya kila namna. Jeusi hajawahi. Alimshika Bibi mkono akamwambia, "Bibi, nipe mwezi mmoja." Shangazi, ungeiona sura yake alipoyasema hayo, ungempenda mara mia.

La kwanza alilitengeneza kwa zirkonia, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Mashine inaichonga ikiwa laini kama chaki, kisha inaokwa mpaka inakuwa jiwe. Akaipaka nyeusi juu, akaichoma tena ing'ae. Ungeweza kuvunjia popoo za kijiji kizima. Lakini mwanga hauingii ndani yake, unagota juu na kurudi. Bibi alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. "Kijana," akasema, "umenishonea kifungo."

La pili lilikuwa la namna ya mafundi wa zamani: kikombe chembamba cha chuma ndani, na unga wa kauri uliopakwa kwa brashi juu yake. Alidhani chuma, kwa kuwa ni cheusi chenyewe, kitamsaidia. Kikatoa mstari wa kijivu kwenye ufizi, na jino likanenepa. Bibi akacheka ndani ya kitambaa. "Hili nalo limevaa koti."

Zikabaki siku tisa kabla ya masinia. Quyet akawa hali chakula. Jioni moja aliniambia kwa sauti ndogo, "Ngan, labda kazi hii siijui." Nilitamani kumkumbatia hapo hapo barabarani, watu watazame wakitaka.

Jumapili yake akaja nyumbani bila kifaa chochote. Alileta majani ya tambuu tu, akakaa chini karibu na Bibi, akamuuliza yale ya kwake yalitiwaje rangi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Bibi hivyo kwa miaka mingi. Akaeleza kila kitu: kwanza utomvu mwekundu, siku baada ya siku, anameza wali bila kutafuna, mpaka meno yakawa rangi ya maroni. Ndipo nyeusi ikaja juu, siku mbili tu. "Ninyi mnaanza na nyeusi," akamwambia. "Hayo ni masizi ya sufuria."

Quyet aliondoka bila kumaliza chai. Akachukua kauri ya kioo, ile inayoyeyushwa na kushindiliwa kwenye kalibu. Mafundi huikwepa kama kisiki, kile kipande cha jino kilichobaki, ni cheusicheusi, kwa sababu inapitisha mwanga na rangi ya chini huonekana. Kisiki cha Bibi ni kahawia kama chai iliyokolea. Kwa mteja mwingine ni kasoro. Kwa Bibi ndiyo ilikuwa rangi ya kuanzia. Akaweka tabaka mbili za wekundu, halafu tatu nyembamba za weusi, kila moja ikienda tanuruni peke yake. Mwisho akausugua ukingo kidogo, kwa kuwa meno mengine yamelika hapo kwa tambuu za miaka yote hiyo.

Kabla daktari hajalivisha, alimwambia ukweli. "Bibi, hili halina nguvu za lile la kwanza. Popoo usiling'atie."

"Nitatwanga," akasema Bibi. "Hili ni la kuchekea."

Siku ya masinia nilikuwa chumbani nyuma ya pazia, nimevalishwa, siruhusiwi kutoka. Nilimwona Bibi amekaa mbele na gauni lake la mahameli, kitambaa kiko begani. Ami yake Quyet, ambaye alikuwa amesikia habari, aliinama akamchokoza. "Mama, tunaambiwa moja si lako. Ni lipi?"

Bibi akacheka mdomo wazi kabisa, akamgeuzia uso huku na huku atafute. Ami akashindwa. "Yote yangu," Bibi akamwambia. "Nimeyalipia mjukuu mzima."

Poda yangu yote ilikwenda na machozi, wakanipaka upya.

Nisalimie Dung na Tereza, na umwambie mumeo Quyet anamwamkia. Bibi anakuombea kwa mababu kila asubuhi, nami naomba wakupe afya na safari ya kuja nyumbani.

Ni mimi nikupendaye, binti wa kaka yako,

Ngan, mke wa Quyet