Wimbo wa Anaeli, na Kile Nilichomficha Mama Yake

Jumapili, Julai. Baridi kali.

Tangu asubuhi wingu limelala juu ya mlima Meru na halijainuka. Hapa mjini, Kaloleni, watu wametembea na makoti mpaka mchana. Nimerudi kutoka Nkoaranga, kule mlimani, nusu saa iliyopita, viatu bado vina matope. Nimefungua duka la kuchapa na fotokopi ninakofanya kazi, ingawa ni Jumapili, kwa sababu kompyuta ninayoandikia blogu hii iko hapa na sitaki kwenda chumbani kukaa peke yangu na haya niliyoyasikia.

Sijui nianzie wapi. Nianze na wimbo.

Wimbo unaitwa "Anaeli". Niliutunga mwaka jana, Joakim akautafutia gitaa. Joakim ni Mchaga, Mkatoliki wa kuzaliwa, aliyeacha kupiga kinanda parokiani kwao baada ya mdogo wake kufa kwa ugonjwa ambao nyumbani kwao mpaka leo hawautaji jina. Mimi ni Mmeru, Mlutheri wa kuzaliwa, na baada ya hapo sijui nijiite nani. Tunaimba misibani, kwenye vikundi vya akina mama, popote tunapoitwa. Hatumhubirii mtu. Wenyewe hatujui tuhubiri nini.

Mara ya kwanza niliuimba kwenye msiba wa jirani. Mjane aliniomba niurudie. Wiki iliyofuata akaja hapa dukani kuniambia kwamba tangu siku ile ameanza kupata usingizi. Wengine wamekuja na maneno kama hayo. Wanasema wimbo huu unaponya.

Mimi niliyeutunga haujaniponya.

Anaeli alikuwa rafiki yangu. Tuliimba pamoja kwaya ya vijana, mimi sauti ya kwanza, yeye sauti ya pili. Miaka tisa iliyopita, tukirudi kutoka mashindano ya kwaya, lori tulilopanda lilikosa breki kwenye mteremko likapinduka. Wenzetu watano walikufa, wote walikuwa nyuma. Anaeli alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mbele, karibu na dereva. Nilitoka na mkono uliovunjika, basi.

Baada ya mazishi sikuweza tena kuimba kanisani kwetu. Kila kitabu cha nyimbo kilipofunguliwa, nilikuwa nikiisikia ile sauti ya pili isiyokuwepo. Nikaacha. Dada mmoja tuliyekuwa tukikutana sokoni akanipeleka Kisongo, kwenye moja ya yale makanisa mapya ya turubai, na huko nikaokoka. Sitawasema vibaya. Walinipokea, walinishika mikono, walilia pamoja nami wakati nyumbani kila mtu alikuwa ameshachoka na machozi yangu.

Kisha wakaniomba nitoe ushuhuda. Nikasimama nikasema kwamba Mungu alinitoa nyuma ya lori akaniweka mbele kwa sababu alikuwa na kazi nami.

Watu walishangilia. Nikausema tena Jumapili nyingine, na nyingine. Ukarekodiwa kwenye kaseti, kaseti zikasambaa. Miaka mitatu niliusema, kila mara vizuri zaidi, mpaka siku moja nilipofika kwenye maneno "akaniweka mbele" sauti ikakatika. Nikashuka jukwaani. Sikurudi tena Kisongo, na kwa Walutheri sikurudi pia.

Jumanne tunaingia studio kuurekodi "Anaeli". Nilidhani kila kitu kiko tayari, lakini wiki hii Joakim akagoma. Alisema hawezi kupiga wimbo wenye jina la marehemu kabla mama wa marehemu hajaulizwa. Nilibisha sana. Nikamwambia mama yule ameteseka vya kutosha, kwa nini tumfukulie kaburi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole kabisa, "Basi tafuta mpiga gitaa mwingine."

Ndiyo maana leo nimepanda mlima.

Tangu mazishi sikuwahi kukanyaga kwa Mama Anaeli. Njia imebadilika. Mibuni niliyoizoea imeng'olewa karibu yote tangu bei ya kahawa ianguke, sasa ni maharage na nyanya katikati ya migomba. Kidogo niipite nyumba yao bila kuitambua. Yeye nilimkuta jikoni, bado na kitenge cha kanisani, akimenya ndizi.

Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu," akajibu. "Umekonda." Hakuniuliza nilikuwa wapi miaka yote. Aliuliza habari za mama yangu, akauliza kama mkono bado unauma wakati wa baridi. Nikamwambia unauma.

Nikamweleza habari za wimbo na studio. Akasema, sawa, imba.

Niliimba pale pale, nimekaa kwenye kigoda, bila gitaa, moshi ukiniingia machoni. Nilipofika kwenye maneno *Anaeli, nikiimba naacha nafasi, uingie na sauti yako*, niliinua macho kumtazama. Alikuwa anaendelea kumenya. Nilipomaliza aliosha mikono taratibu, akakaa.

"Wimbo ni mzuri," alisema. "Lakini kaseti yako niliisikia."

Alimaanisha ile ya ushuhuda wa Kisongo. Akanieleza kwamba jirani aliileta miaka ile, akidhani itamtia moyo. Yeye aliisikiliza mpaka mwisho, akairudisha, hakumwambia mtu neno. "Nilijiuliza jambo moja tu," alisema, na hakupandisha sauti. "Na mwanangu je? Mungu hakuwa na kazi naye?"

Hapo nikamwambia. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, hata Joakim, na sijui ni nini kilinisukuma.

Nilimwambia kwamba kiti cha mbele kilikuwa cha Anaeli. Alikuwa katibu wa kwaya, mwalimu ndiye aliyempangia akae mbele na makaratasi ya noti. Mimi nilikuwa nyuma, natapika njia nzima. Tuliposimama kununua maji, Anaeli akashuka, akaniangalia nilivyokuwa, akasema, "Nenda mbele wewe, utatuchafulia sare." Akapanda nyuma mwenyewe. Lori halikufika mbali.

Hakuna mkono wa Mungu nilioushuhudia siku ile, nikamwambia. Nilimwona Anaeli tu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Anifukuze, anipige na mwiko, alie mpaka majirani waje. Nikiwa mkweli, nilitaka anifukuze. Ningejua la kufanya na kufukuzwa.

Mama yule akacheka.

Alicheka kwa mshangao, mkono mdomoni. "Anaeli? Huyu Anaeli aliyekuwa akigombania hicho kigoda ulichokalia mpaka nawachapa yeye na kaka zake? Alikupa mwenyewe? Hukumwomba?"

"Sikumwomba, mama."

Akanifanya nirudie habari yote. Nikarudia. Akaniuliza alivaa nini juu ya sare, alinunua maji au alishuka tu, alisema yale maneno akiwa amekasirika au akitania. Nikamwambia alikuwa anatania, lakini pua ameikunja. Akasema ndiyo, ndivyo alivyokuwa, pua kwanza. Mara ya tatu niliporudia ndipo alipolia, na mimi nikalia.

Miaka tisa nilidhani namficha jambo litakalomuua. Kumbe nilimnyima habari za mwisho za mtoto wake.

"Hilo uliweke kwenye wimbo," alisema alipotulia.

Nikamuuliza, hata la sare?

"La sare ndilo hasa."

Tulikula pamoja. Kabla sijaondoka akaushika ule mkono wangu uliovunjika akasali kwa Kimeru, sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa roho aliyompa binti yake siku ile. Mwisho nikasema amina. Nina muda mrefu sijalitamka neno hilo. Lilitoka lenyewe.

Sasa nimekaa hapa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa nikipanda mlima.

Kwa sababu kama Mama Anaeli yuko sahihi, na ni Mungu aliyempa Anaeli roho ya kushuka, basi ushuhuda wangu wa Kisongo haukuwa uongo wote? Nilikosea mtu tu, nikajitaja mimi badala yake? Na wale wengine wanne, nao mama zao wapo, wameambiwa nini? Na kama hakuna Mungu katika habari hii, kama ni msichana tu aliyehofia sare yake, mbona nikimfikiria amekunja pua nataka kupiga magoti?

Halafu kuna jambo baya zaidi, ambalo nitaliandika kwa kuwa hakuna anayenijua hapa kwenye blogu. Alipocheka, niliumia. Ile hatia nilikuwa nimeizoea. Ndiyo iliyoutunga wimbo. Nikitolewa hatia, nitaimba na nini?

Nilimpigia Joakim simu niliposhuka barabarani, nikamweleza kila kitu.  Akauliza, kwa sauti ya chini, kama ubeti mpya utakuwa mrefu, ili ajue gitaa linyamaze wapi. Sijui kama alikuwa analia. Nadhani alikuwa analia.

Nimejaribu kuuandika ubeti huo tangu nifungue duka. Maneno "utatuchafulia sare" hayakai kwenye tuni, nimeyageuza kila upande. Nimeamua sitayaimba. Gitaa litanyamaza, nitayasema tu, kama alivyoyasema yeye, kisha nitaendelea.

Nilipokuwa naaga, Mama Anaeli aliniuliza studio iko mtaa gani. Jumanne atateremka mjini, atakaa humo humo ndani tukirekodi. Hataki kuletewa kaseti nyingine.

Nitaweza kuyatamka maneno ya mwanawe, naye amekaa ananitazama?

Sijui. Nimemwambia aje.